Mabuu Mlangoni mwa Friji

Mgeni akitaka maziwa ya chai nyumbani kwetu, huwa simwachi afungue friji mwenyewe. Mlangoni, katikati ya chupa ya pilipili na kopo la haradali, kuna kopo jingine la plastiki lenye kifuniko kilichotobolewa vitundu. Ndani yake, chini ya pumba za ngano, yamelala mabuu mia kadhaa, yote hai. Mume wangu ni mtu wa Tanga na hana subira na mdudu wa aina yoyote. Ameliandika kopo hilo kwa kalamu nene: SI CHAKULA CHA WATU. Mlaji wake ni mmoja tu. Uzito wake haufiki nusu kilo, mgongoni amejaa miiba, mchana kutwa analala, na jina lake ni Mchongoma.

Mchongoma ni kalunguyeye. Aliingia hapa Minneapolis kwa ajili ya binti yetu, na kama ilivyo kawaida ya wanyama wa watoto, kazi ya kumlisha imemwangukia mama. Watu wa nyumbani wakimwona huniuliza, "Dada, huyu si yule wa kule kwetu anayejiviringisha kwenye majani?" Ndiye. Kalunguyeye anayefugwa majumbani Marekani na Ulaya ni wa Afrika, yule mwenye tumbo jeupe na vidole vinne kwenye miguu ya nyuma, ambaye wanasayansi wanamwita Atelerix albiventris. Makazi yake ya asili yanaanzia Senegali, yanavuka bara hadi Somalia, kisha yanashuka kupitia Kenya na Tanzania mpaka Zambia. Biashara ya kuwaleta Marekani ilivuma miaka ya 1980. Mapema miaka ya 1990 serikali ilipiga marufuku uingizaji kutoka Afrika, ikihofia wasije wakaleta ugonjwa wa miguu na midomo ukaangamiza ng'ombe. Waliokwisha kuingia wakazaana, na hawa tulio nao leo ni vilembwe vyao, Wamarekani kunishinda mimi mwenye pasipoti. Hata hivyo si kila mahali wanaruhusiwa. California, Hawaii, Georgia na jiji la New York hawataki kuwaona ndani ya nyumba. Na kwetu Afrika Mashariki huyu ni mnyamapori, kumtoa porini na kumfungia bila kibali ni kosa. Kwa hiyo msomaji wa Dodoma au Machakos aliyemwona bustanini amwache, ana kazi ya kumlia wadudu waharibifu bila malipo.

Nisisitize kwamba simsemi nungunungu. Nungunungu ni mnyama mkubwa, hutafuna mizizi na mihogo ya watu. Huyu wangu anaenea kwenye viganja viwili na meno yake yameumbwa kwa kuvunja magamba ya wadudu.

Porini hula mende, mchwa, jongoo, nyungunyungu, konokono, na akibahatika, yai au kinda la panya. Ndani ya nyumba wengi tunamlisha chakula kikavu cha paka, kile chenye protini nyingi na mafuta machache, kijiko kimoja cha mezani hadi viwili kwa usiku. Wadudu wanakuja juu ya hapo kama kitafunwa, na hapo ndipo panapohitaji akili, kwa sababu kitafunwa hicho ndicho anachokitaka kuliko kitu kingine chochote duniani. Ukiweka buu moja mbele yake halioni sawasawa, macho yake ni dhaifu. Analinusa. Pua iliyolowa inatetema, anasogea, anapita upande usio wenyewe, anarudi, halafu ghafla anadaka. Anatafuna mdomo wazi bila haya, na mlio wa ganda likipasuka unasikika mpaka sebuleni. Akikutana na ladha ngeni huitafuna hadi ikawa povu, kisha hupinda shingo kwa nguvu na kujipaka povu hilo kwa ulimi kwenye miiba ya mgongoni. Anayeliona jambo hilo mara ya kwanza hudhani mnyama amepatwa na kifafa. Ni tabia yao, hakuna haja ya kukimbilia kwa daktari.

Sasa tumtazame mdudu mwenyewe, maana wapenzi wengi wa kalunguyeye humjua mnyama wao kwa undani na hawajui lolote kuhusu wanachomlisha.

Wanaouzwa zaidi ni mabuu ya unga, yaani watoto wa mende mdogo mweusi aitwaye Tenebrio molitor, anayependa maghala ya nafaka na mapipa ya unga yaliyosahauliwa. Buu lake ni jembamba, rangi ya dhahabu, refu kiasi cha kiungo cha kidole. Mwaka 2002 mtafiti wa lishe Mark Finke alichapisha katika jarida la Zoo Biology vipimo vya wadudu wanaofugwa kwa ajili ya wanyama wala wadudu, na vipimo hivyo vimewasaidia sana wafugaji. Gramu 100 za mabuu ya unga yaliyo hai zina takriban gramu 19 za protini na 13 za mafuta. Nyenje waliokomaa wana protini inayokaribia gramu 21 na mafuta yasiyofika 7. Halafu kuna mabuu ya nondo wa nta, yule mwizi anayewatia hasara wafuga nyuki wa Tabora kwa kutafuna masega. Hayo ni manene, meupe, malaini, na mafuta yake yanakaribia gramu 25, robo nzima ya uzito wake. Hayo ni kashata. Mchongoma angepewa hiari asingekula kitu kingine, na ndani ya miezi michache asingeweza kujikunja.

Shida ya pili haionekani kwa macho. Katika gramu 100 hizo hizo, mabuu ya unga yana miligramu 17 hivi za kalsiamu, lakini fosforasi ni 285. Mwili wa mnyama unataka kalsiamu ilingane na fosforasi au iizidi kidogo. Fosforasi ikiwa nyingi kupita kiasi, mwili huanza kukopa kalsiamu kutoka kwenye mifupa, na mkopo huo haulipwi. Mifupa inalainika, miguu inapinda, mnyama anashindwa kutembea vizuri. Nyenje ana nafuu kidogo, kalsiamu 41 kwa fosforasi 295, lakini naye yuko mbali na panapotakiwa. Anayewapita wote ni buu la nzi askari mweusi, ambalo katika vipimo alivyovitoa Finke mwaka 2013 lilikuwa na kalsiamu miligramu 934 dhidi ya fosforasi 356. Ni yale yale mabuu ambayo kule Kenya yanafugwa kwa mabaki ya chakula ili yawe lishe ya kuku na samaki, na ambayo wataalamu wa icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, wameyafanyia kazi kubwa. Mchongoma huyala, ila kwa uso wa mtoto aliyepewa mchicha.

Basi mtu atauliza: kwa nini usimpe hayo tu, ukaachana na mengine? Kwanza anachoka. Pili, buu ni mfuko, na kilichomo ndani ya mfuko unaweza kukichagua wewe. Ukilishibisha buu la unga chakula chenye kalsiamu siku moja au mbili kabla ya kumpa mnyama, anakula buu pamoja na chakula hicho kilichomo tumboni mwake. Lenye njaa ni ganda na mafuta tu. Mimi naona hapa ndipo ilipo kazi yote ya kufuga kalunguyeye kwa upande wa wadudu: kumlisha mdudu kwanza. Wauzaji hawaisemi sana, kwa sababu kinachouzwa ni kopo, na kopo hufika likiwa na wadudu wenye njaa.

Na ndiyo maana naizungumzia friji kwa urefu.

Buu la unga likiachwa kwenye joto la sebuleni, nyuzi 25 hivi, halitakusubiri. Litakula, litajivua ganda, litakua, litageuka pupa mweupe asiyetembea, na baada ya wiki moja hadi tatu atatoka mende. Baridi inasimamisha safari hiyo. Kiwango kinachofaa ni kati ya nyuzi 7 na 10. Friji nyingi za nyumbani huwekwa nyuzi 3 au 4, baridi ambayo ikiwa ya muda mrefu inaanza kuyaua, ndiyo maana yangu hukaa mlangoni, sehemu yenye joto kuliko rafu za ndani. Hapo yanakaa wiki nyingi, yakilala. Lakini buu lililolala halili. Kwa hiyo mara moja kwa wiki nalitoa kopo, naliweka juu ya kabati la jikoni kutwa nzima, na kuyatupia mabuu vipande vya karoti. Baada ya nusu saa pumba zinaanza kutikisika. Ukitega sikio unasikia mchakacho mwepesi wa mamia ya taya. Jioni natoa mabaki ya karoti, yote, hata kipande kidogo, halafu kopo linarudi mlangoni.

Nimesema karoti kwa makusudi. Maji hayawekwi kwenye bakuli, mabuu yatazama na pumba zitalowa, na pumba zikilowa umekwisha. Unyevu ndio adui mkubwa wa kopo hili kuliko baridi na joto. Ukungu unaingia kwanza, kisha utitiri, vidudu vidogo mno vya rangi ya kahawia ambavyo huvioni kimoja kimoja bali unaona vumbi linalotembea ukutani mwa kopo. Kipande cha karoti kinatoa maji polepole na hakiozi haraka. Viazi navyo vinafaa. Tango linalowesha mno, na majani ya letusi yanageuka ute kabla hujageuka kuangalia. Kifuniko lazima kipumue, vinginevyo mvuke wa mabuu yenyewe unajikusanya juu na kudondoka.

Kila baada ya muda nalimwaga kopo lote kwenye chekeche. Kinachopita chini kinafanana na mchanga laini wa ufukweni, lakini ni kinyesi cha mabuu. Hakinuki, na mimi hukiweka kwenye vyungu vya maua, kwa kuwa ni mbolea. Vumbi lake lakini lina madhara kwa baadhi ya watu. Wapo wanaopata mafua, macho kuwasha na hata pumu kwa kulivuta, kwa hiyo chekeche natikisa nje, nikiwa nimeziba pua, hata theluji ikiwepo. Kilichobaki juu nakichambua. Buu jeusi lililolegea limekufa, linatupwa mara moja kabla halijaharibu mengine. Buu jeupe kama maziwa si mgonjwa, limetoka kujivua ganda na bado ni laini. Hayo naweka pembeni kwa ajili ya Mchongoma, maana ganda lililolainika ni rahisi kutafunwa na kalunguyeye mzee mwenye meno yaliyolika.

Kosa linalorudiwa na wageni wa shughuli hii ni kudhani kila buu linakwenda kwenye friji. Kuna mabuu makubwa, urefu wa kidole kidogo au zaidi, yenye vichwa vyeusi na taya zinazouma, ya mende aitwaye Zophobas morio. Madukani yanapangwa karibu na mabuu ya unga, na mtu anaweza kudhani ni ndugu waliokula vizuri zaidi. Hawa ni wa nchi za joto huko Amerika. Ukiyaweka kwenye friji, kesho utakuta maiti. Yanakaa kwenye pumba, kwenye joto la chumba, na jambo la ajabu ni kwamba hayageuki pupa maadamu yamesongamana. Mpaka umtenge mmoja peke yake kwenye kikasha ndipo ajikunje na kubadilika. Kwa mwenye nyumba hiyo ni bahati, yanabaki mabuu kwa miezi bila msaada wa friji. Mafuta yake lakini ni mengi kuliko ya mabuu ya unga, karibu gramu 18 kwa 100, hivyo moja linatosha pale ambapo mengine ungetoa matatu. Na ile hadithi kwamba buu likimezwa linatoboa tumbo na kutokea upande wa pili ni hadithi tu. Kalunguyeye anatafuna kabla ya kumeza, na tumboni hakuna hewa ya kumwezesha mdudu kufanya ushujaa wowote.

Mabuu ya nondo wa nta yanataka ubaridi wa wastani, nyuzi 13 hadi 16, na kwa sisi wa Minnesota ghorofa ya chini ya ardhi inatoa kiwango hicho wakati wa baridi bila gharama. Hayahitaji kulishwa, yalishashiba tangu utotoni.

Nyenje ndio wenye tabu. Hawalali kwenye baridi, wanakufa. Wanataka joto, trei za mayai za kujifichia, sifongo lenye maji badala ya bakuli wasije wakazama, na usafi wa kila mara kwa sababu maiti zao hunuka vibaya na harufu hiyo inawaua walio hai. Madume yanaimba usiku kucha. Mmoja akijaaliwa kutoroka na kuingia nyuma ya jiko, mtaishi naye. Wana faida yao: mafuta machache, na Mchongoma analazimika kukimbia kumkamata, zoezi ambalo mnyama wa ndani analihitaji. Kabla ya kuwatoa nawaweka kwenye friji dakika tano hadi kumi, wapoe, wasiruke, ndipo mwindaji wangu apate nafasi. Wananunuliwa wachache wachache, maana maisha yote ya nyenje ni majuma machache na wale wa dukani tayari wamekomaa.

Wapo pia mende wa dubia kutoka Amerika ya Kusini, wasionuka, wasiopanda plastiki laini, wanaozaa watoto hai, na wenye lishe nzuri kabisa. Kwa nadharia ndio wadudu bora wa kufuga nyumbani. Mume wangu alisikiliza maelezo hayo yote kwa utulivu, akasema nichague kati yake na mende. Hatuna dubia.

Watu wengi huishia kununua wadudu waliokaushwa, na siwalaumu. Kopo linakaa kabatini miezi, halinuki, halitoroki. Tatizo ni kwamba maji yote yameondolewa, na buu hai ni maji kwa zaidi ya nusu. Kalunguyeye akipewa makavu mengi kwa mpigo anaweza kufunga choo vibaya. Mimi huyaloweka kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi kwanza. Mdudu mkavu ukishafungua pakiti ahifadhiwe kwenye chupa inayofunga sawasawa, pakavu na pasipo mwanga, kwa sababu yale mafuta yake yanaingia uvundo kama mafuta mengine yoyote.

Habari ya kukausha wadudu kwangu si ngeni. Mimi ni mzaliwa wa Bukoba. Mwezi Novemba, senene wakishuka, watoto wa mtaa mzima tulikuwa chini ya taa na magunia. Nyumbani tuliwachambua mbawa, miguu na papasi, tukawakaanga kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo, na wa akiba wakakaushwa vizuri hadi wakawa wakavu wa kulia mdomoni. Hao walikaa miezi. Siku niliyomweleza mama yangu kwa simu kwamba nanunua wadudu kwa dola, nawahifadhi kwenye friji, nawalisha karoti, na hatimaye nampa mnyama, alinyamaza kidogo. "Mwanangu," akasema, "na wewe unakula nini?" Nikamwambia kwamba Umoja wa Ulaya uliruhusu mwaka 2021 mabuu haya ya unga yaliyokaushwa yauzwe kama chakula cha binadamu. Mama akacheka kwa muda mrefu. Kwake, Wazungu walikuwa wamechelewa.

Nimeulizwa na Watanzania wenzangu huku kama Mchongoma anaweza kupewa senene wa kutoka nyumbani. Senene wa kula watu hapana: wana chumvi, mara nyingi na kitunguu na pilipili, na figo za mnyama wa gramu 400 haziwezi kazi hiyo. Isitoshe, senene wenyewe wanavyopatikana kwa tabu huku, yeyote anayempa kalunguyeye ana matatizo mengine. Kuhusu wadudu wa kuokota uani, jibu ni hapana pia. Nyasi za majirani zinapigwa dawa, na mdudu aliyekunywa dawa leo haonyeshi dalili mpaka aliwe. Konokono na koa hubeba minyoo. Kimulimuli ndiye wa kuogopwa zaidi. Ana sumu ya moyo ambayo imewaua mijusi wa kufugwa waliommeza mmoja tu, na sioni sababu ya kuijaribu kwa mnyama mwingine.

Kiasi? Kwa Mchongoma ni mabuu ya unga matatu hadi matano, si kila siku, mara tatu au nne kwa wiki. Nayatoa mlangoni jana yake, nayahamishia kwenye kikasha kidogo chenye chakula cha vifaranga na karoti, yanakesha yakila. Jioni inayofuata, kabla tu ya kumpa, nayatia kwenye kimfuko chenye chembe ya unga wa kalsiamu kaboneti isiyochanganywa na kitu, natikisa mara moja, yanatoka yamepauka kama yamepakwa poda. Natumia kibano na si vidole. Kalunguyeye anajifunza haraka kuwa vidole vina harufu ya buu, na siku akilikosa anachotafuna ni wewe.

Kila Jumamosi binti yangu humpima kwenye mizani ya jikoni, ndani ya bakuli lake maalumu. Mkubwa wa aina hii huwa kati ya gramu 300 na 600, kila mmoja na wake, kwa hiyo namba moja haisemi kitu, inayosema ni mwelekeo. Ikipanda wiki baada ya wiki tunapunguza wadudu kwanza, chakula cha paka baadaye. Dalili ya wazi ya unene ni pale anapojikunja na mpira haufungi, miguu na kidevu vinabaki nje, na kwapani kunatokea vifuko vya mafuta vya rangi ya njano. Ini nalo linajaa mafuta, na hilo halionekani mpaka limechelewa. Upande wa pili, akikataa hata buu, nashika tumbo lake. Likiwa la baridi, shida haiko kwenye chakula. Kalunguyeye wa Afrika akipigwa na ubaridi wa chini ya nyuzi 20 mwili wake hujaribu kuingia kwenye usingizi mzito wa kipupwe, ambao hakuumbiwa, na anaweza kufa humo. Kizimba chake kinabaki nyuzi 24 hadi 27 mwaka mzima, na bili ya umeme ya Januari huwa nailipa bila kuisoma.

Baridi hiyo ina usumbufu wake kwa wadudu pia. Wengi huku tunaagiza kwa posta, na kifurushi kikiachwa barazani nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa saa moja tu umenunua barafu. Muuzaji makini hutia ndani kifuko cha kupasha joto na kukataa kutuma siku mbaya. Afadhali kuomba kifurushi kibaki posta ukakichukue mwenyewe.

Na mikono ioshwe kwa sabuni, kabla na baada. Kalunguyeye mzima kabisa anaweza kubeba salmonela, na Januari 2019 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kililazimika kuwaambia watu hadharani wasiwabusu. Chekeche langu, kibano na kopo haviingii kwenye sinki la vyombo, vina beseni lao chumba cha kufulia. Mume wangu hukagua.

Wadudu wa dukani wakikuchosha, mabuu ya unga unaweza kuyazalisha mwenyewe. Sisi tuna droo tatu za plastiki: juu mende wakubwa kwenye pumba, chini yao wavu ili mayai na vijibuu vidogo vidondoke, na droo ya chini kabisa yanakokulia hadi yafike kimo. Subira inahitajika, toka yai hadi buu la kufaa ni miezi miwili au mitatu, kulingana na joto. Baada ya hapo tatizo linakuwa wingi. Mchongoma mmoja na matano yake kwa zamu hawezi kumaliza mazao ya droo hizo, na mende wanaendelea kutaga. Kuna jirani mama wa makamo anayefuga kuku wanne nyuma ya nyumba, jambo linaloruhusiwa Minneapolis kwa kibali. Kila wiki mbili binti yangu anampelekea kikombe cha mabuu na mende waliozeeka, naye jirani humrudishia mayai. Maganda ya mayai hayo nayaoka kwenye oveni, nayasaga kwenye mashine ya kahawa niliyoitenga kwa kazi hiyo, na kuyachanganya kwenye chakula cha vifaranga yanachokesha nacho mabuu usiku wa kuamkia zamu yao.